Panki ni nini, ukiacha nywele?

Mtajie kinyozi neno panki, atakuachia mstari wa nywele katikati ya kichwa. Mimi nilimwambia mjomba wangu hapa Lubumbashi kwamba panki ni muziki, akaniuliza maswali mawili: orkesta gani hiyo, na nani anaitolea makuta, yaani pesa? La kwanza lina majibu mengi. La pili ndilo linalofungua maana yenyewe, kwa sababu panki ni muziki ambao wapigaji hawakumngojea mtu wa kuwatolea makuta.

Kwa Kiingereza neno hilo ni tusi la zamani, kijana wa hovyo asiyefaa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waandishi wa muziki Marekani walianza kuzibandika jina hilo bendi za roki zenye kelele, na kufikia 1976, New York ikiwa na Ramones na London ikiwa na Sex Pistols, waliotukanwa walikuwa wanajiita hivyo wenyewe. Nyimbo za dakika mbili, gitaa la kukwaruza, mwimbaji anayepayuka. Hayo kila mtu anayajua na mimi hayanishughulishi sana.

Kinachonishughulisha ni namna walivyofanya kazi. Januari 1977 kijarida kidogo cha Uingereza kiitwacho Sideburns kilichora mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa, kisha kikamwambia msomaji aanzishe bendi. Basi, somo limekwisha. Mwezi huohuo Buzzcocks, vijana wa Manchester, walitoa santuri yao wenyewe. Walikopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakachapisha nakala 1,000. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa mara ngapi. Ni kama mama anayekuuzia bukari halafu anakutajia maji kiasi gani na unga kiasi gani, ili kesho upike mwenyewe. Mfanyabiashara gani anafanya hivyo?

Panki ya mji mdogo inaonekana vizuri zaidi Derry, Ireland ya Kaskazini. Katika miaka ya 1970 mji huo ulikuwa na wanajeshi barabarani na vijana tele wasio na kazi. Mwaka 1972 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji na kuua watu 13 siku ileile. Studio kubwa za London hazikuwa na habari nao. Vijana watano waliojiita The Undertones walikuwa wakipiga kwenye baa moja, Casbah, na mwaka 1978 wakaenda Belfast kurekodi wimbo wao Teenage Kicks kwa msaada wa Terri Hooley, mwenye duka la santuri. Jalada lilikuwa karatasi kubwa iliyokunjwakunjwa. Nakala moja ikamfikia John Peel, mtangazaji wa BBC, naye akaupiga wimbo huo mara mbili mfululizo. Nao mwanzoni hawakuimba vita. Waliimba wasichana, na wapo waliowalaumu kwa hilo. Mimi siwalaumu: aliyelala na milio ya risasi hana deni la kuiimba asubuhi.

Ukiuchambua mji kama ule utakuta watu wachache: mwenye baa asiyejali kelele, mwenye spika za kuazima, mwenye ufunguo wa mashine ya fotokopi, na wasikilizaji ambao wiki ijayo watapanda jukwaani wao. Kundi hilo mimi huliita kijiwe. Kijiwe hustawi zaidi mji unapoyumba, kwa kuwa kumbi ziko tupu na hakuna mkubwa wa kuombwa ruhusa.

Sisi kuyumba tunakujua. Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba iliyokuwa ikilisha nusu ya mitaa hii, ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kazini kwa mpango mmoja. Panki haikuzaliwa hapa, lakini karindula ipo: banjo kubwa ya nyuzi nne, pipa la mafuta likiwambwa ngozi ya mbuzi na kutiwa shingo ndefu ya mbao. Hakuna duka linaloiuza. Katika mtaa wa Katuba nilimwona kijana mmoja, mvua imetoka kunyesha na ngozi imelegea, akawasha makaratasi chini, akalizungusha pipa taratibu juu ya moto, akawa anagonga kwa kidole na kusikiliza hadi sauti ikapanda. Dakika kumi hivi. Watu walingoja.

Je, hiyo ni panki? Kwa mikono, ndiyo. Kwa mfuko, hapana. Muziki wa Kongo una desturi ya libanga: unamlipa mwimbaji, anakurushia jina lako ndani ya wimbo, na bila wafadhili wa namna hiyo orkesta nyingi zingelala njaa. Panki inalikataa hilo kabisa. Ingependa kumtaja tajiri ili kumkejeli, na pia haina adabu kwa wakubwa, jambo ambalo huku lingekuletea kofi.

Ngozi ilipokaza nilimwuliza yule kijana wa Katuba kama anaweza kuniimba.

“Tosha kwanza makuta, papa,” akasema.