"Nataka Ile Ndogo Tu": Yanayosemwa Nakuru Kuhusu Bastola Fupi, na Yaliyo Kweli

Tangu nistaafu polisi nikaja kukaa Lanet, wanaonijia kuniuliza habari za bastola ni wengi kuliko walioniuliza nikiwa kazini. Mwenye kituo cha mafuta. Mama anayenunua viazi Molo kwa pesa taslimu. Mkulima wa Njoro aliyeibiwa ng'ombe mara mbili. Karibu wote huanza vivyo hivyo: hukunja kiganja kana kwamba wameshika simu, kisha husema, "Afande, sitaki bunduki kubwa. Nataka ile ndogo tu."

Ile ndogo ni rivolva yenye mtutu wa inchi 2 hivi, kama sentimita 5. Haina magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, ina silinda inayozunguka, na mara nyingi silinda hiyo hubeba risasi 5, si 6 kama wengi wanavyodhani. Si kitu kipya. Kampuni ya Webley ya Uingereza ilianza kuuza rivolva zake fupi zilizoitwa Bull Dog mwaka 1872. Colt ya Marekani ikatoa Detective Special mwaka 1927, nayo Smith & Wesson ikaleta Chiefs Special mwaka 1950, na nyingi za risasi 5 zinazoonekana leo zimefuata umbo lake. Ni silaha iliyoundwa kwa akili, nami naiheshimu. Linalonisumbua ni lile neno "tu".

"Ni ndogo, kwa hiyo ni rahisi kuitumia"

Hili nalisikia kuliko mengine yote, na mara nyingi linasemwa na mume anayemtafutia mkewe silaha. Anaona mkono mdogo, anafikiria bastola ndogo, anaona hesabu imekwisha.

Nianze na uzito. Chiefs Special ya chuma ina gramu 550 hivi bila risasi. Zile za aloi ya alumini hushuka hadi karibu gramu 420, chini ya nusu kilo ya sukari. Mtu akiishika dukani anafurahi. Lakini bunduki hupiga teke kwa aliyeishika, na uzito wa bunduki ndio unaopunguza teke hilo. Risasi ile ile ya .38 Special, aina inayotumiwa sana kwenye rivolva na ambayo imekuwako tangu 1898, ikifyatuliwa kwenye rivolva nzito ya mtutu mrefu inasukuma mkono taratibu. Ukiifyatua kwenye ile ya gramu 420, kiganja kinauma. Nimeona wanaume wenye mikono ya jembe wakiweka bastola mezani baada ya risasi 10 na kusugua kiganja bila kusema neno.

Kisha kuna triga, kile kichuma unachovuta kwa kidole ili kufyatua. Kuivuta ikiwa nyundo, kile chuma cha nyuma kinachoigonga risasi, haijarudishwa nyuma kunahitaji nguvu ya kilo 5 hivi. Hebu fikiria: unavuta kilo 5 kwa kidole kimoja kwenye kitu kisichofika kilo moja, na kitu hicho hakitakiwi kutikisika hata kidogo. Anayeanza huivuta kwa mkono mzima, mtutu ukainama, na risasi ikaingia udongoni.

Tena mtutu mfupi unaleta shida ya kulenga. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 9. Ukikosea milimita 1 katika kuvilinganisha, kwa umbali wa mita 7 risasi itatua karibu sentimita 8 pembeni ya ulipokusudia. Kwa mita 25 itakuwa karibu sentimita 28, yaani umempita uliyemlenga na risasi inaenda kwa mwingine. Milimita 1 ni kitu kidogo mno, na hapo nazungumzia mtu aliyetulia kwenye uwanja wa shabaha mchana, hajakimbia, moyo haupigi mbio.

Mtu akija kwangu akitaka kujifunza, simwanzishi kwa fupi. Namwanzisha kwa nzito yenye mtutu wa inchi 4, ajue kwanza triga ni nini. Akina mama wengi niliowafundisha wamelenga vizuri sana kwa ile nzito, kisha wakapewa ile "ya kike" wakaanza kukosa karatasi nzima. Shida haikuwa yao. Fupi ni silaha ya mwenye uzoefu ambaye amekubali kulipa gharama hiyo ili aweze kuificha.

"Mtutu ni mfupi, risasi haiendi mbali"

Ni kweli kwamba mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi kidogo. Inapotoka bado inakwenda zaidi ya mita 200 kwa sekunde, na isipozuiwa na kitu inaweza kuanguka zaidi ya kilomita moja kutoka hapo. Usione wembamba wa reli. Sisi wa Nakuru tumelijua hilo tangu garimoshi lifike.

Lakini umbali haunitishi kama kuta. Nyumba zetu nyingi si za mawe. Ukienda Kaptembwo, ukienda Manyatta au Nyalenda kule Kisumu, utakuta mabati na mbao, chumba baada ya chumba, na watoto wa jirani wamelala upande wa pili wa bati ambalo hata msumari unalitoboa. Risasi ya .38 hupita bati moja, ikapita la pili, ikaendelea. Hata ukuta wa udongo usiutegemee. Mtu anayeniambia ataweka bastola chini ya mto ili amsubiri mwizi, namuuliza kwanza nani analala nyuma ya ukuta ule. Wengi hawajawahi kulifikiria, na nikiwauliza hunyamaza.

Wanaofyatua hewani harusini au mwaka mpya wajue hivi: kilichopanda kitashuka, na hakichagui paa.

"Rivolva haikwami, haina mambo mengi"

Haina magazini, haitemi maganda, kwa hiyo mambo mengi yanayoweza kukwamisha bastola za magazini kwake hayapo. Risasi moja ikikataa kulipuka, ukivuta triga tena silinda inaleta nyingine. Huo ni ubora wa kweli. (Uwanjani usiwe na haraka hiyo: risasi iliyokataa inaweza kulipuka ikichelewa, kwa hiyo mtutu hubaki umeelekea shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua.)

Hata hivyo hukwama, na ikikwama huwa ni kazi ya fundi. Chembe za baruti ambayo haikuungua zikiingia chini ya kile kinyota kinachosukuma maganda nje, silinda haifungi vizuri wala haizunguki. Kile chuma kirefu cha kusukumia maganda kikilegea, silinda haifunguki. Na katika zile nyepesi sana, teke linaweza kuchomoa kichwa cha risasi taratibu kutoka kwenye ganda lake hadi kikajitokeza mbele ya silinda na kuizuia. Vumbi la barabara ya Njoro mfukoni, na jasho la mwenye kuibeba, huongeza yake. Isiposafishwa, inashika kutu kama jembe.

Hapa niseme na lile la usalama, maana huulizwa pamoja. "Afande, kifungio chake kiko wapi?" Nyingi hazina kifungio cha kidole. Ulinzi wake ni ule uzito wa triga, na kipande cha ndani kinachoizuia nyundo isifike kwenye risasi hadi triga ivutwe. Rivolva za kale hazina kipande hicho, au kimechakaa, na ikianguka kwa nyundo inaweza kufyatuka. Ndiyo maana wazee walikuwa wakiacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Ukiirithi ya zamani, usiiamini kama mpya.

Kwa sababu hiyo hiyo nakataza kuitupa ndani ya mkoba pamoja na funguo, kalamu na sarafu. Kitu chochote kinaweza kuingia kwenye triga. Lazima iwe ndani ya ala inayofunika triga kabisa, na ala hiyo iwe mwilini. Mkoba huwekwa kitini, mkoba hunyakuliwa na mtu wa pikipiki, na mkoba hupekuliwa na mtoto anayetafuta peremende. Kilo 5 hazimzuii mtoto: huishika kinyume na kusukuma triga kwa vidole gumba viwili, na mtutu unakuwa umemwelekea yeye. Nikifika hapo hushindwa kuendelea kwa sauti ya kawaida, na sioni aibu kulisema.

"Nikiwa na pesa za kuinunua, ni haki yangu"

Wamarekani wana marekebisho ya katiba yao ya 1791 yanayotaja haki ya kuwa na silaha, na vijana wetu wameisikia habari hiyo mara nyingi hadi wakadhani ni yetu pia. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Huku tunafuata Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na kwa sheria hiyo kumiliki bunduki ni ruhusa unayopewa na unayoweza kunyang'anywa. Bodi ya Leseni za Bunduki inataka sababu ya kutosha na inachunguza wewe ni nani. Sheria yenyewe inasema cheti asipewe mtu ambaye ana tabia ya ulevi, wala asiye na akili timamu, wala yeyote asiyefaa kukabidhiwa silaha. Anayeanza maombi yake kwa kunihadithia walivyokunywa Jumamosi namwambia waziwazi kwamba amejijibu.

Cheti ni cha mtu na ni cha silaha ile iliyoandikwa. Humpi ndugu yako aende nayo Eldoret kwa sababu leo ana pesa. Humwachii mlinzi wa shamba usiku. Na cheti kikiwa kimepitwa na wakati, unachobeba kinahesabiwa kama silaha isiyo na leseni. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni nchini kote waliitwa kuhakikiwa upya, na waliopuuza walijikuta katika hali hiyo. Adhabu yake ni kifungo cha miaka.

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wananiuliza kuhusu kuvuka mpaka. Cheti cha Kenya hakivuki. Ukipita upande wa Uganda na bastola kiunoni, umeingia nchi ya watu na silaha ambayo hawakukuruhusu, hata kama ulikuwa unakwenda kuchukua magunia ya mahindi tu.

"Sitafyatua, nitaionyesha tu"

Kuitoa ili watu waogope, kwenye baa, kwenye foleni ya magari, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, ni kosa hata kama risasi haikutoka. Kanuni ya Adhabu inamtaja anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu. Bunduki ya bandia nayo haikuokoi, ukiitumia kwa vitisho.

Na yule mwizi anayekimbia na televisheni yako, amekupa mgongo? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaelekeza kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza: nguvu unayotumia kujikinga iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyopo. Mgongo unaoondoka si hatari kwa maisha yako. Wapo waliolijua hili mbele ya hakimu.

"Mzee alituachia, kwa hiyo ni ya familia"

Katika nchi hii ya mashamba ya zamani, kutoka Njoro hadi Kitale, ziko bastola zilizobaki ndani ya masanduku. Mzee alikuwa na cheti, mzee akafa, na cheti kikaisha naye. Silaha hairithiwi kama shamba. Mtoto anayeitaka lazima aombe cheti chake mwenyewe kuanzia mwanzo, na hadi apewe, hana ruhusa ya kuiweka.

Mama mmoja mjane, mtu mzima kunizidi, alimtuma mjukuu wake aniite. Nilipofika alinifungulia sanduku la nguo. Ndani, ndani ya leso iliyofungwa fundo, ilikuwamo rivolva fupi yenye kutu kwenye silinda, na risasi 5 zilizoota ukungu wa kijani. Mumewe alikuwa amefariki miaka kadhaa. "Afande," akaniambia, "kila wakipita polisi hapa nje mimi sili." Alikuwa amepanga kuitia kwenye kiondo asubuhi ile, apande matatu hadi mjini, aipeleke kituoni mwenyewe.

Nilimwomba asiiguse tena. Ndani ya sanduku, ikiwa na risasi ambazo hakuna ajuaye hali yake, ilikuwa salama kuliko ndani ya kiondo katikati ya abiria 14. Na njiani, akikaguliwa, angeeleza nini? Nilimpigia mkuu wa kituo, nikasema jina langu, jina la marehemu, na mahali tulipo. Maafisa wawili walikuja na gari. Mmoja wao, binti mdogo, alifungua silinda akielekeza mtutu sakafuni, akatoa risasi moja moja akizihesabu kwa sauti, akaandika namba iliyochongwa chini ya mpini, kisha akampa mama karatasi ya kutia sahihi na kumwachia nakala.

Mama hakujua kusoma vizuri. Alimwita mjukuu amsomee ile nakala, mstari kwa mstari, mara mbili. Halafu akaikunja, akaifunga ndani ya leso ile ile, akaweka sufuria ya chai jikoni.