Imani haiondoki kwa hoja wala kwa amri

Katika miaka yangu ya kufundisha sosholojia ya dini, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili: je, wanadamu wanaweza kuivuka imani ya dini, na kama wanaweza, je, inafaa wafanye hivyo? Wengi wanaouliza huwa wamekwisha kuchagua jibu. Mimi nashikilia kwamba sehemu ya kwanza imeshajibiwa na historia, na kwamba sehemu ya pili huulizwa vibaya, kwa sababu muulizaji huichukulia dini kana kwamba ni orodha tu ya madai yanayosubiri kuthibitishwa au kukanushwa.

Auguste Comte, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 19, alifundisha kwamba fikra za wanadamu hupitia hatua tatu, na kwamba hatua ya mwisho, ile ya sayansi, huziacha nyuma zilizoitangulia. Hata hivyo, ni Comte huyo huyo aliyekuja kuasisi Dini ya Ubinadamu, yenye makuhani, sakramenti, na kalenda ya miezi 13 ya siku 28 kila mmoja. Wako waliomdhihaki kwa hilo. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipoona mbali kuliko wafuasi wake, kwa kuwa alitambua kwamba mtu aliyeacha kumwamini Mungu bado atapata watoto, atafunga ndoa na atafiwa, na kwamba siku hizo zinahitaji kitu ambacho hoja nzuri peke yake haikitoi.

Waliojaribu kuiondoa dini kwa nguvu walikutana na ukweli huo kwa njia ya uchungu zaidi. Katika Muungano wa Kisovieti, baada ya takriban miaka 20 ya kufunga nyumba za ibada na kuwatesa viongozi wa dini, sensa ya mwaka 1937 iliwauliza watu kama wanaamini. Zaidi ya nusu ya waliojibu walisema ndiyo, ingawa walijua hatari ya kusema hivyo. Matokeo yakafichwa, na waliosimamia sensa hiyo wakakamatwa, baadhi yao wakapigwa risasi. Albania ilipiga marufuku ibada zote mwaka 1967, lakini marufuku hayo yalipolegezwa mwaka 1990, watu walijitokeza tena hadharani kusali, makanisani na misikitini.

Lakini ningekuwa sisemi kweli yote kama ningeishia hapo, kwa sababu Ujerumani Mashariki, iliyotawaliwa na Wakomunisti, inatupa picha tofauti kabisa. Baada ya nchi hiyo kuungana na Ujerumani Magharibi mwaka 1990, milango ya makanisa ilikuwa wazi na hakuna aliyezuiwa kuingia, lakini watu walio wengi hawakurudi, na watoto wao nao wakakua bila dini. Kwa nini huko na si kwingine? Wanahistoria hutaja sababu kadhaa, ikiwemo kwamba makanisa ya Kiprotestanti ya eneo hilo yalikuwa yameanza kudhoofika tangu zamani. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba kuanzia mwaka 1954 serikali iliitumia Jugendweihe, sherehe ya kuwaingiza vijana wa umri wa miaka kama 14 katika utu uzima, kuchukua nafasi ya kipaimara. Serikali ile imetoweka, lakini sherehe yake bado inaendelea, na sasa hakuna anayeilazimisha. Mnyororo wa kurithisha imani kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto ulikatwa, na pale ulipokatwa pakawekwa kitu kingine. Kwa hiyo jamii nzima inaweza kuishi bila imani ya dini, na sioni sababu ya kulikana hilo.

Wanasayansi wa siasa Pippa Norris na Ronald Inglehart walitoa mwaka 2004 maelezo mengine ambayo nayakubali kwa sehemu kubwa: pale watu wanapokulia katika usalama, bila hofu ya njaa, maradhi na kifo cha mapema, dini hupoteza uzito wake taratibu bila mtu yeyote kuipiga vita.

Je, inafaa? Yapo mambo ambayo nasema bila kusita kwamba ni lazima yaachwe. Kumwadhibu mtu kwa kuiacha dini, jambo ambalo katika baadhi ya nchi bado sheria inalitolea hukumu ya kifo, ni dhuluma, na waumini wengi wanaona vivyo hivyo. Ila kuachana na shuruti si kuachana na imani, na anayeyachanganya mawili hayo huwapa wenye shuruti kisingizio.

Anayetaka imani yenyewe iachwe ana deni zito zaidi la kulipa: atuonyeshe kitakachowaunganisha watu badala yake. Mwanaanthropolojia Richard Sosis, pamoja na mwenzake, walichunguza jumuiya 83 za Marekani ya karne ya 19, ambamo watu waliishi pamoja kwa masharti yao wenyewe. Katika jumuiya za kidini, kadiri masharti yalivyokuwa magumu, ndivyo jumuiya ilivyodumu. Katika zile zisizo za kidini, ugumu wa masharti haukusaidia kitu. Ninavyoelewa mimi, kujinyima huwaunganisha watu pale tu wanapokiona wanachojinyimia kuwa kitakatifu, na utakatifu hautungwi na kamati.

Wapo wanaolifanyia kazi deni hilo kwa uaminifu, na nawaheshimu. Nchini Norwei, wasio na dini wamekuwa na kipaimara chao tangu mwaka 1951, na maelfu ya vijana hushiriki kila mwaka. Maziko ni magumu zaidi. Nimehudhuria maziko yasiyo ya kidini yaliyoandaliwa kwa upendo mkubwa, na kila mara kigumu kilikuwa kipindi kile kile, hotuba zinapokwisha, jeneza bado liko mbele yetu, na kila mmoja anatafuta neno lake mwenyewe la kusema. Waumini wakifika hapo huwa hawatafuti. Huyatamka maneno ambayo marehemu naye aliyatamka alipowazika wazazi wake, na wote waliosimama pale huyatamka kwa sauti moja.