Mzazi Analia Tangu Ajifungue: Msingoje Arobaini Iishe

Sonona baada ya kujifungua ni nini?
Ni ugonjwa: huzuni isiyoisha, usingizi kukata hata mtoto akiwa amelala, kujiona hufai, kumtazama mwanao usihisi lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea humpata karibu mama 1 kati ya 5. Si uvivu wala kudeka.

Lakini kila mzazi hulia siku za mwanzo.
Kweli. Kilio hicho huanza siku ya 3 hadi ya 5, na kufikia wiki 2 huwa kimekwisha. Kikipita hapo, mleteni kliniki.

Bibi anasema tusubiri arobaini iishe.
Hapana. Nalisema hili kila wiki kliniki. Juzi kaletwa mama ambaye mwanawe ana miezi minne, na maswali yote akayajibu bibi. Mtoto yuko mapajani, akamtazama mama usoni, akatabasamu, akatabasamu tena, kisha akageuza shingo akaangalia ukuta. Kwenye kadi, uzito umesimama tangu mwezi wa pili. Jamani, miezi minne! Mtoto mchanga hujifunza kuongea na kutulia kwa kujibiwa uso kwa uso. Arobaini ni desturi nzuri ya kumpumzisha mzazi, ila sonona haiitibu.

Basi tuanze kwa mganga wa kienyeji?
Hapana. Huko nako ni kuchelewa.

Mtampa vidonge?
Mara nyingi tunaanza na mazungumzo. Mama anakutana na mhudumu aliyefunzwa, mara kwa mara. Wanalichukua wazo kama "mimi si mama wa maana", wanalipima na yanayotokea kweli, kisha wanapanga jambo dogo la wiki hiyo: kumwimbia mtoto wakati wa kumwogesha, kwa mfano. Vijijini Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii waliifanya tiba hii majumbani. Utafiti wa akina mama 903 uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa, watoto walipofika miezi 6, waliobaki na sonona ni 23 kati ya 100. Kwa waliotembelewa bila tiba hiyo, 53. Kwa sonona kali dawa zipo, na nyingine hutumika mama akiendelea kunyonyesha.

Lini tusingoje hata kesho?
Akisema anataka kufa, akiogopa atamdhuru mtoto, akisikia sauti wasizosikia wengine, au akikesha mfululizo huku anaongea yasiyoeleweka. Hospitali usiku huohuo. Asiachwe peke yake, na mtoto abebwe na mtu mwingine.