Je, wajua kwanini vidonda vya nyayo za simbilisi haviponi kwa dawa peke yake?

Simbilisi, yaani guinea pig, anaweza akapewa dozi nzima ya antibayotiki, akaimaliza, na bado nyayo zikabaki zimevimba vilevile, au zikapoa kidogo halafu vidonda vikarudi palepale. Watu wanasema dawa feki. Mara nyingi dawa haina shida kabisa, shida ni kile anachokikanyaga na kile anachokula, na hivyo viwili visipobadilika unamaliza hela tu na mnyama anaendelea kuteseka.

Tuanze na unyayo wenyewe. Mnyanyue simbilisi umuangalie chini: miguu ya mbele ina vidole vinne vinne, ya nyuma vitatu vitatu, na kwenye unyayo hamna manyoya, ni ngozi tupu tena laini. Sungura ana manyoya chini ya miguu, huyu hana. Sasa ngozi hiyohiyo ndo inabeba mwili wote, na simbilisi mkubwa anafika gramu 700 mpaka 1,200, na muda mwingi yupo juu ya miguu yake, hata akipumzika anajikunja tu palepale alipo. Ukimuweka kwenye tundu lenye sakafu ya waya, uzito wote unaangukia kwenye nyaya chache, damu inabanwa haifiki vizuri kwenye ngozi, na ngozi isiyopata damu inaanza kufa taratibu, ni kama vidonda vya mgonjwa aliyelazwa upande mmoja muda mrefu bila kugeuzwa. Sakafu iliyolowa mkojo nayo inailainisha ngozi mpaka inachanika. Hapo bakteria wanapata mlango, hasa stafilokokasi, na mguu ukianza kuuma anauinua, uzito unahamia mguu wa pili, na wenyewe unaharibika. Ndo maana ukikuta kidonda mguu mmoja lazima ucheki na mwingine.

Simbilisi ninayemuuguza mimi sasa alitolewa kwenye tundu la waya la namna hiyo. Unyayo wa mbele wa kulia ulikuwa umevimba duara, unang'aa, ile mistari midogo ya ngozi imepotea yote, na katikati kuna kigaga cheusi kigumu. Kucha zimekua ndefu mpaka zimejikunja pembeni, kwa hiyo hata kukanyaga alikuwa hakanyagi sawasawa. Na hakuwa analia wala nini. Simbilisi ni mnyama anayewindwa, anaficha maumivu, utakachoona ni anakaa kona moja tu na chakula kikija hakimbilii.

Halafu kuna vitamini C, na hapa ndo wengi hawajui. Wanyama wengi wanajitengenezea wenyewe mwilini, sungura anatengeneza, mbuzi anatengeneza. Simbilisi hawezi, sawa na sisi binadamu, kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza hana. Hii ilianza kuonekana Norway mwaka 1907: Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wanatafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, wakawalisha simbilisi nafaka tupu, badala ya beriberi wanyama wakapata kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu na vidonda kugoma kupona uliokuwa unawamaliza mabaharia. Bila vitamini C mwili haujengi kolajeni, ile protini inayoshikanisha ngozi, na bila kolajeni ngozi iliyochanika haishiki. Kwa hiyo simbilisi anayekula pumba na chakula cha sungura cha dukani siku zote, hata kidonda kidogo cha unyayo kinamshinda. Njombe na Iringa wapo wengi wanaofugwa wakizurura jikoni na kulishwa majani mabichi, na kwa nyayo zao hayo ni maisha bora kuliko tundu zuri la waya lililonunuliwa mjini.

Kabla hujafanya lolote, sikia hili: usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu ndo dawa ya kwanza mtu anaifikiria, ipo kila duka la dawa na ni rahisi. Amoksilini, ampisilini, penisilini za kunywa na klindamaisini zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, wabaya wanabaki wanazaliana na kutoa sumu, anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache, tena kwa dawa uliyompa ukitaka apone. Antibayotiki zinazomfaa zipo, daktari wa mifugo ndo anachagua na kupima kwa uzito wake, na muombe na dawa ya maumivu maana anayeumia hali, na simbilisi asiyekula siku nzima tumbo linasimama, hiyo ni dharura.

Kuuguza kwenyewe ni kazi ya kila siku. Sakafu kwanza: waya utoke, weka sakafu ngumu, juu yake taulo halafu blanketi la flisi lisilo na nyuzi za kumnasa vidole, badilisha kila siku na ukiona pamelowa badilisha hata mara mbili. Nyasi kavu awe nazo tele maana meno yake hayaachi kukua, ila toa vijiti vigumu vinavyochoma nyayo. Kusafisha unatumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai flati kwa nusu lita, unampakata kifuani huku umemshika makalio asining'inie, unalowesha mguu dakika chache, halafu unakausha vizuri hadi katikati ya vidole. Kigaga usikibandue! Kinavuja damu nyingi na unafungua njia upya. Usaha wao nao ni mzito, umeganda, ukiukamua hautoki, unausukuma ndani tu. Bandeji kama daktari ameagiza akuonyeshe yeye kwanza, ikibana sana vidole vinavimba na damu haipiti.

Chakula: simbilisi mzima anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 za vitamini C kwa kilo ya uzito kwa siku, mgonjwa daktari anaweza kumpandishia. Gramu 100 za pilipili hoho ya kijani zina kama 80, mapera yanazidi 200, kwa hiyo vipande viwili vitatu vya hoho kila siku vinafanya kazi kubwa, pera liwe kipande kidogo tu maana lina sukari. Usiweke vitamini kwenye maji ya kunywa, inaharibika haraka na hujui amekunywa kiasi gani, na ladha ikibadilika anaweza kuacha kunywa kabisa.

Mpime kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi muda uleule. Uzito unaongea kabla ya mguu, ukishuka gramu 50 au zaidi jua kuna kitu, na kama hali chakula vizuri, loweka chakula chake cha vidonge kiwe uji, umlishe kwa sirinji isiyo na sindano, pole pole kwa pembeni ya mdomo ajimezee mwenyewe.

Kupona kunachukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Uvimbe usiposhuka, au mguu ukawa mgumu na haukunji, omba picha ya eksirei maana maambukizi yakifika kwenye mfupa ni matibabu mengine kabisa. Na hata kidonda kikifunga, ngozi pale inabaki nene na dhaifu, kwa hiyo kagua nyayo kila wiki, kata kucha zikianza kupinda, na kama ni mnene apungue taratibu kwa nyasi na nafasi ya kukimbia, asinyimwe chakula.