Je, Wajua? Upepo Haulipi Deni Lote

Kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi ule wa Lamu, ambao kwa kweli uko kisiwani Manda, ni kama kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Anayekwenda kwa gari huzunguka Garsen na Witu hadi Mokowe, lakini hayo tuyaache. Swali ni hili: ndege ikisukumwa na kusi, yaani upepo utokao kusini, kwenda Lamu, kisha ikarudi ikipambana na kusi hiyohiyo, je, safari nzima itachukua muda sawa na siku isiyo na upepo?

Kwa miaka nilijibu ndiyo, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa mara ya pili. Upepo umekupa ukienda, umekunyang'anya ukirudi, hamdaiani. Kosa hili lina utamu wake kwa sababu nusu yake ni kweli: kasi unayoongezewa kwenda ndiyo hasa unayopunguziwa kurudi. Nilichosahau ni kwamba saa ya mkononi haihesabu kasi, inahesabu dakika.

Tuseme ndege ndogo inakwenda kilomita 280 kwa saa, na tusahau kupaa, kutua na kujipanga uwanjani, mambo ambayo huongeza muda kila siku. Hewa ikitulia, ni dakika 30 kwenda na 30 kurudi. Sasa uvume upepo wa kilomita 70 kwa saa. Kwenda, kasi inafika 350: dakika 24. Kurudi, inashuka hadi 210: dakika 40. Jumla ni 64. Dakika nne zimepotelea wapi?

Chukua mkokoteni wa maji na vijana wawili wenye nguvu sawa. Mmoja anakusukumia ukienda, mwingine anakuvuta nyuma ukirudi. Yule wa kwanza, kwa kukusaidia, anakufikisha upesi na kazi yake inaisha. Wa pili, kwa kukuchelewesha, anajipatia muda zaidi wa kukuchelewesha. Ndivyo ulivyo upepo: ulikusaidia kwa dakika 24, ukakusumbua kwa dakika 40. Ukivuma kwa kilomita 280 kwa saa, utafika Lamu kwa dakika 15, na Malindi hutaiona tena. Ndege itaning'inia angani palepale, injini ikinguruma.

Upepo wa ubavuni nao hauna huruma. Abiria wa Lamu huushuhudia mfano wake majini, wanapovuka kwa boti kutoka Manda: mkondo ukiwa mkali, nahodha haelekezi omo, yaani pua ya boti, gatini moja kwa moja, anaielekeza zaidi upande mkondo unakotoka, na sehemu ya nguvu ya injini inaishia kupigana na maji. Rubani hufanya vivyo hivyo, kwenda na kurudi.

Nikiri kwamba ile 70 niliichagua ili hesabu itoke safi. Kwa upepo wa kilomita 28 kwa saa, hasara ya safari nzima ni kama sekunde 36. Tena upepo wa juu si lazima ufanane na unaopeperusha kanga uani, wala si lazima ubaki vilevile mpaka wewe urudi.

Manahodha wa majahazi walikuwa na dawa yao: kwenda Uarabuni kwa kusi, kurudi kwa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hivyo upepo nyuma kote kuwili. Ila walingoja miezi.