Nusu kaputi haileti usingizi tu

Mama mmoja wa Kongwa, aliyekuja Dodoma kutolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi kubwa, aliniuliza mimi, daktari wake wa usingizi, jioni ya kuamkia upasuaji: "Dokta, mimi nikilala, na mwili nao unalala?" Nikamwambia, "Hapana mama. Wewe unalala, mwili unakesha."

Kisu kikipita, chembe zilizojeruhiwa hupiga mbiu kwa kemikali. Mojawapo ni interlukini-6. Hupanda ndani ya saa chache na kuliamsha ini litengeneze protini ya CRP, ambayo hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Huo ndio mchochota, yaani mwili kulijibu jeraha. (Usiuchanganye na uvimbe uliomleta mama hospitali; wodini vyote viwili tunaviita uvimbe, kisha tunashangaa ndugu wasipotuelewa.) Bila mchochota kidonda hakiponi. Ukizidi ndipo maumivu yanapopamba moto, utumbo unagoma, tumbo linajaa gesi na mama hataki hata kunusa chakula.

Dawa zetu zinaweza kuupunguza, kila moja kwa njia yake. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, ina muundo unaokaribiana na wa vitamini E, na katika baadhi ya majaribio interlukini-6 haikupanda sana kama kwa waliolazwa kwa gesi ya usingizi. Ketamini ya dozi ndogo nayo huishusha. Sindano ya mgongo, ambayo mtaani inasingiziwa kila maumivu ya kiuno, huzuia taarifa za jeraha zisifike ubongoni, hivyo kortisoli, homoni ya msongo, haipandi sana. Lakini kemikali za mchochota zinatoka kidondani penyewe, na huko sindano hiyo haina nguvu kubwa.

Ninayoipenda ni lignokeni, dawa ya ganzi. Wengi wanaijua kwa daktari wa meno. Ikipitishwa mshipani polepole, hutuliza chembe nyeupe za damu zisihamaki kupita kiasi. Yule mama alikuwa na kilo 60, na nilimpima mwenyewe kwa mizani, sikuamini cheti. Miligramu 1.5 kwa kila kilo ni miligramu 90, yaani mililita 4.5 za ile ya asilimia 2. Kisha kiasi kama hicho kwa saa. Chupa niliisoma mara mbili, maana ile yenye adrenalini haipiti mshipani hata kwa bahati mbaya. Ikizidi, mgonjwa aliye macho huhisi ganzi mdomoni na masikio kuvuma, kisha degedege. Aliyelala hawezi kukwambia, kwa hiyo macho yangu hayabanduki kwenye monita.

Hata hivyo sitamwahidi mtu miujiza. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, uliokusanya majaribio 68 ya lignokeni ya mshipani, haukuona uhakika kwamba inapunguza maumivu au kuharakisha utumbo. Kipimo cha damu kikishuka, maabara inafurahi. Mgonjwa anataka kujua atakula lini. Na daktari mpasuaji mwenye mkono mwepesi, asiyevuruga nyama ovyo, huenda anapunguza mchochota kuliko kabati langu lote la dawa. Sisi watu wa usingizi hatupendi kulikiri hilo mbele yake.

Kesho yake saa nne asubuhi nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameshatoa hewa, ishara kwamba utumbo umeamka, na anagombana na muuguzi kuhusu uji wa ulezi.