Krediti za Chuo Mtoto Akiwa Bado Sekondari: Uliza Hivi Kabla ya Kumsajili

Mwaka wa masomo 2004/05, ada ya chuo kikuu cha umma nchini Marekani kwa mkazi wa jimbo husika ilikuwa wastani wa dola 5,100 hivi. Mwaka 2024/25 ilifika dola 11,610, na hapo hujalipia chumba, chakula wala vitabu. Mfumuko wa bei umechangia, lakini si sababu pekee. Shahada ya miaka minne inadai krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo la chuo), yaani 30 kwa mwaka, kwa hiyo krediti moja inakaribia dola 387 na somo la krediti tatu ni dola 1,161. Somo hilohilo mtoto anaweza kulimaliza akiwa bado sekondari, kwa pesa kidogo au bure.

Njia ya kwanza ni AP (Advanced Placement). Mwanafunzi husoma shuleni kwake somo lenye kiwango cha chuo, halafu mwezi Mei hufanya mtihani wa College Board, shirika linaloendesha AP, unaotolewa alama 1 hadi 5. Ada ni kama dola 100, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa. Mtihani huagizwa kupitia shule kufikia katikati ya Novemba. Ukichelewa unaongezewa ada. Vyuo vingi hukubali 3, vyenye ushindani mkali hutaka 4 au 5. Akipata 2, kazi ya mwaka mzima haimpi krediti hata moja.

Njia ya pili ni kusoma masomo ya chuo chenyewe, mara nyingi chuo cha jamii (community college). Jimbo la Minnesota lilianzisha mpango wake, PSEO (Postsecondary Enrollment Options), mwaka 1985; Ohio wana College Credit Plus, Washington wana Running Start. Minnesota na Ohio, mtoto akienda chuo cha umma, familia hailipi ada wala vitabu. Nauli ndiyo inayosahaulika.

Hapa hakuna mtihani mmoja wa kufa na kupona, lakini kila gredi hubaki kwenye transkripti ya chuo, yaani rekodi rasmi ya alama zake, maisha yake yote. F (alama ya kufeli) aliyoipata akiwa na miaka 16 itasomwa atakapoomba shule ya udaktari, na inaweza kuharibu msaada wa masomo wa serikali, kwa sababu vyuo huangalia amefaulu sehemu gani ya krediti alizojaribu. Kiwango cha kawaida ni asilimia 67. Ohio, wilaya ya shule inaweza hata kuidai familia gharama ya somo alilofeli. Basi andika kwenye kalenda siku ya mwisho ya kuacha somo bila alama. Ikishapita, akiacha anaandikiwa W, yaani alijitoa kwenye somo. Na usitegemee chuo kikupigie simu: haki ya kuona kumbukumbu za chuo ni ya mwanafunzi, hata kama hajatimiza miaka 18.

Panapopotea pesa nyingi ni kwenye kuhamisha. Wazazi huuliza chuo, “Mnapokea krediti hizi?” Wanajibiwa ndiyo, wanaridhika. Lakini aljebra ya chuo, kwa anayekwenda kusoma uhandisi, hupokelewa kama somo la hiari tu, maana programu yake inaanzia kalkulasi. Krediti tatu zimo kwenye karatasi, na bado hajapunguza hata wiki moja. Uliza kwa barua pepe, ukitaja programu: “Somo hili litachukua nafasi ya somo gani katika shahada ya uuguzi?” Hifadhi jibu. Mtoto akimaliza, aombe transkripti rasmi kutoka chuo cha jamii chenyewe, kwani ile ya sekondari pekee haitoshi.

Kuna krediti nyingine ambayo familia zetu huiacha mezani: Kiswahili. Minnesota na Illinois, mwanafunzi aliyepata sekondari muhuri wa lugha mbili (Seal of Biliteracy), uthibitisho kwamba anazimudu lugha mbili, anaweza kuomba krediti za lugha ya kigeni katika vyuo vya umma vya jimbo. Vipimo vya muhuri huo hupima kuandika pia, na hapo ndipo hukwama mtoto anayekiongea nyumbani bila kukiandika. Miezi michache ya kuandika aya moja kila siku humsaidia sana. Ombi lenyewe lipelekwe chuoni ndani ya miaka mitatu ya masomo baada ya kumaliza sekondari.